Walisema Ni Majani Tu

Sifa na shukrani zimrudie Mungu aliyeotesha majani kabla ya kumuumba mtu wa kuyakanyaga. Ndiye aliyenipa macho ambayo mpaka leo, kwa msaada wa miwani, bado yanaona. Akanipa miguu iliyopanda milima ya Kivu ya Kusini, ikavuka mpaka, ikakaa kambini miaka mingi, na sasa inakanyaga theluji ya Ohio bila kulalamika sana. Nikianza kusimulia lolote kabla ya kumshukuru nitakuwa mwizi wa fadhila. Basi nimeshukuru. Sasa nitasema, na mnivumilie, kwa sababu nitasema nikiwa na hasira.

Enzi zetu, ninyi mliokulia kule juu mnajua, mtoto wa kike hakuamshwa na simu. Aliamshwa na baridi iliyopita chini ya mlango, kisha na ng'ombe wakijikuna kwenye nguzo za zizi, halafu na bibi akikohoa kwa makusudi. Kikohozi cha kwanza ulijifanya hukukisikia. Cha pili ulikaa kitako. Cha tatu sikuwahi kukisikia maishani mwangu, maana kabla hakijafika nilikuwa nje tayari, umande ukining'ata vifundo vya miguu. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe uliwasikia kabla ya kuwaona. Tulikunywa maziwa ya moto yenye harufu ya moshi, tukala viazi vilivyookwa kwenye majivu, tukapangusa midomo kwa mikono, na hapo kazi ikaanza.

Kazi yetu, mimi na mdogo wangu Elizabeti, ilikuwa kutafuta majani ya kufukizia vibuyu vya maziwa. Nikiwaeleza vijana wa leo jambo hili wananitazama kama mtu anayesimulia ndoto. Maziwa kwao yanatoka kwenye friji. Kwetu, kibuyu kilioshwa, kikakaushwa, kisha kikainamishwa juu ya moshi wa majani maalumu mpaka ndani kikanukia. Moshi huo ulifukuza uchachu, maziwa yakakaa vizuri. Kila nyumba ilikuwa na majani yake na namna yake ya kuyachanganya, na mgeni mwenye ulimi mzuri alikunywa funda moja akajua yuko kwa nani hata kama angefumba macho.

Kwa hiyo kuyajua majani hakukuwa mchezo. Bibi hakutufundisha majina kwanza. Tukileta jani jipya hakuuliza linaitwaje, aliuliza, "Ulimkuta wapi?" Aliyazungumzia majani kama watu. Anakaa juani au kivulini? Miguu yake iko kwenye maji au kwenye mawe? Majirani zake ni akina nani? Ukimshika anafanya nini, anachoma, anateleza, ananukia? Ameamka lini, kabla ya mvua au baada? Usipojua kujibu ulirudishwa mlimani, na mlima haukuwa karibu. Jina lilikuja mwisho kabisa, kama vile mgeni anavyotajwa jina baada ya kukaribishwa na kukalishwa.

Shuleni ilikuwa kinyume. Mwalimu wetu, Mungu ampumzishe, alichora ubaoni bua na petali tano, akagonga kwa fimbo, akasema, "Hili ni ua." Elizabeti akanyoosha mkono. "Mwalimu, linakaa wapi?" Alipigishwa magoti mpaka kengele ya mapumziko kwa kosa la dharau. Tulicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, tukiteleza kwenye mteremko juu ya matita ya nyasi, sketi za shule zikabaki na rangi ya kijani ambayo hakuna sabuni iliyoiondoa.

Mwaka mmoja nilikosea. Palikuwa na mmea tulioutumia sana, wa maua madogo ya manjano, unaokaa kwenye mteremko wenye jua. Na bondeni, kwenye maji, kulikuwa na mwingine unaofanana naye kama pacha. Siku hiyo nilikuwa nataka kucheza. Nilichuma wa bondeni kwa sababu alikuwa karibu, nikamwambia bibi nimemkuta mteremkoni. Nilidanganya. Vibuyu vikafukizwa, na kufikia mchana maziwa ya ng'ombe watatu yalikuwa machungu kama dawa ya minyoo. Yalimwagwa. Ninyi mnajua kumwaga maziwa kwetu ni jambo gani.

Bibi hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alinisimamisha mlangoni, akaniambia kila atakayekuja kuomba maziwa leo nimweleze mimi mwenyewe kwa nini hayapo. Wakaja. Mama jirani mwenye mtoto mchanga. Mzee aliyekuwa mgonjwa. Nilisema mara saba: "Nilichuma bila kuangalia, na nikadanganya nilikochuma." Mara ya saba sauti ilikuwa imeisha. Tangu siku hiyo sijapita karibu na mmea bila kuutazama usoni.

Nimewaeleza haya ili mwelewe kilichonipata hapa Columbus.

Mimi nilifikia Louisville kwanza, kama wengi wenu. Nilifunga maboksi ghalani mpaka mgongo ukakataa, ndipo binti yangu akanileta Columbus. Elizabeti alipelekwa Buffalo, anakaa Black Rock karibu na mto, na theluji ya huko anaisimulia kama mtu aliyepigana vita. Kanisa letu la Columbus lilisali kwa miaka katika ukumbi wa kukodi, mpaka Bwana akatufungulia jengo dogo la mbao magharibi mwa mji, mahali ambapo nyumba zinaisha na mashamba ya mahindi na soya yanaanza. Kando ya kanisa kuna makaburi ya zamani ya watu waliokuja kulima huko, mawe yameinama na majina yamefutika. Kati ya makaburi na barabara kuna kipande cha ardhi ambacho hakikuguswa. Kilitengwa kwa ajili ya wafu wengine, nao hawakuletwa. Wajukuu wao walihamia mbali. Kikabaki hivyo, nyasi zinazopita kimo changu, hakijawahi kuonja jembe.

Mwezi wa saba mwaka jana, Jumamosi moja tulipokwenda kufagia kanisa, niliona kitu chekundu ndani ya nyasi zile. Nilidhani ni kitambaa cha mtoto. Nikaingia. Lilikuwa ua, jekundu kama damu ya kuku, na nyuma yake lingine, na lingine. Nilihesabu mashina ishirini na saba. Ndege mdogo kama chozi wa kwetu, yule anyonyaye maua, alikuwa anatoka shina hadi shina, akitetemeka angani.

Nilimwita mjukuu wangu Dorkasi. Ana miaka kumi na tisa, anaongoza kwaya ya vijana, ana moyo mzuri na simu kubwa. Akafika, hakuliangalia ua, akainua simu. Kizazi hiki kinapiga picha ya kila kitu isipokuwa kile kinachokitazama.

"Bibi, nimepata!" akasema. "Ni ua la msituni. Linachanua majira ya kuchipua."

"Msitu uko wapi?" nikamuuliza.

Akatazama kulia, soya. Akatazama kushoto, soya mpaka mbingu ilipogusa ardhi.

"Na majira ya kuchipua yako wapi? Si unatoka jasho?"

"Lakini simu ina uhakika, Bibi."

"Simu imewahi kukanyaga hapa?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama afanyavyo akikwama, kwamba mimi nagombana na kila kitu. Nikamwacha. Nikainama mwenyewe. Linakaa juani kabisa, halina mti hata mmoja wa kuliwekea kivuli. Udongo wake ni mweusi, mzito. Majirani zake ni nyasi ndefu zenye shuke la vidole vitatu kama mguu wa bata mzinga, na ua jingine la manjano lenye petali zilizolegea chini, ambalo kichwa chake ukikisugua kinanukia kama anisi. Majani yake yanatoka mawili mawili, yakitazamana, jozi juu ya jozi kutoka chini hadi juu. Petali tano, ncha zake nzima, hazikuchanwa. Na kile kikombe cha kijani kinachobeba ua nilipokishika, vidole vyangu viligandana. Kinanata. Vidudu vidogo vilikuwa vimenasa juu yake. Nikabaki nimeshika hivyo, mwanamke mzima katikati ya nyasi, machozi yananitoka, maana ilikuwa imepita zaidi ya miaka hamsini bila bibi yangu kuniuliza swali lolote, na siku ile nilimsikia.

Jumapili nilimvuta Neema. Neema ni Mtanzania kutoka Iringa, anakaa kule mtaa wa chuo kikuu na anasomea mambo ya mimea. Kiswahili chake kimepigwa pasi, chetu kina mikunjo, lakini tunaelewana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone mtu."

Alipoliona alipiga magoti chini na gauni lake la ibada. Akahesabu jozi za majani. Akashika kikombe, akatazama vidole vyake.

"Mama, hili nimeliona kwenye bustani za chuo tu, lililopandwa. Hili hakuna aliyelipanda. Lipo hapa kabla ya kanisa na kabla ya makaburi." Akanieleza kwamba Kiingereza hulipa jina lenye maana ya mnasa-nzi wa kifalme. Simu ya Dorkasi ilikuwa imemtaja dada yake mdogo, yule wa msituni, mwenye majani machache na petali zilizochanwa ncha. Akasema nchi hii yote ya tambarare, mpaka macho yanapochoka, ilikuwa mbuga ya nyasi na maua, ile wao wanaita prerii. Moto uliipita kila baada ya miaka kadhaa ikaamka upya, kama malisho yetu tulivyoyachoma wakati wa kiangazi. Kisha jembe likaja, likageuza kila kitu kuwa mahindi. Vilibaki vipande tu, kando ya reli na kando ya wafu, mahali jembe lilipoona aibu kupita.

Mimi ni mtu niliyewahi kuambiwa kwamba si wa mahali nilipozaliwa. Nilitazama lile ua ambalo hakuna awezaye kuliuliza limetoka wapi, nikalipenda kwa wivu.

Tatizo ni kwamba kamati ya ujenzi ilikuwa imekipangia kipande kile kazi. Mkutano mkubwa wa mwezi wa nane ulikuwa unakuja, wageni kutoka Louisville na Buffalo, na kamati ilitaka kumwaga kokoto pale yawe maegesho ya magari. Nilikwenda kwa mwenyekiti, Papa Yonasi, fundi hodari na mtu mcha Mungu, ila akishika wazo halitoki.

"Mama Debora, ile ni majani tu."

"Si majani tu. Ni ua ambalo karibu kote limekwisha. Liko hapa, kwetu."

"Bon. Na bageni batapaki wapi? Juu ya mahindi ya Muzungu?"

"Upande wa kusini pako wazi."

"Kusini kuna matope, Mama. Batu banakuja na viatu bya ibada!"

"Papa Yonasi, ngoja mbegu zianguke. Mwezi mmoja."

Akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Tutaona, Mama. Tutaona, donc." Ninyi mnaotujua mnajua "tutaona" yetu ina maana gani. Lakini mimi niliamini.

Wiki ile nikapigiwa simu kutoka Louisville. Rafiki yangu tuliyefunga naye maboksi alikuwa amefiwa na mumewe. Nikaenda kukaa naye kwenye kilio, siku sita. Niliporudi Columbus ilikuwa Jumamosi mchana, nikamwambia binti yangu anipitishe kanisani.

Wapendwa, nimeona mambo mengi. Lakini niliposhuka kwenye gari sikupatambua. Palikuwa peupe. Si kwamba palikatwa kwa mashine, hapana. Palilimwa. Palifyekwa, pakapigwa jembe, pakafagiwa, hata alama za ufagio zilionekana kwenye udongo, mistari mizuri iliyonyooka kama nywele zilizosukwa. Salongo! Ile kazi ya pamoja ya Jumamosi tuliyotoka nayo kwetu. Kando kulikuwa na lundo la nyasi, na ndani ya lundo nyekundu ilikuwa inanyauka. Dorkasi akanikimbilia, amefunga kitenge kiunoni, udongo mpaka kwenye nyusi, anacheka.

"Bibi, angalia! Tumesafisha yote!"

Nilipiga kelele. Sijivunii, lakini sitadanganya. Nilipiga kelele mpaka watoto wakajificha nyuma ya kanisa. Nilisema ni mikono gani isiyo na macho, ni kichwa gani kinachosoma maandiko juu ya maua ya kondeni na kikitoka nje kinayapiga jembe! Nilimwuliza Papa Yonasi kwa nini hakungoja.

"Mama, tulikuheshimu," akasema, na alimaanisha kabisa. "Hatukukata ukiwa hapa. Tulingoja uende."

Hebu pimeni heshima hiyo. Mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka. Walingoja nikalie wafu ili wapate nafasi ya kuua walio hai, na wakaita heshima!

Nikamgeukia Dorkasi. "Na wewe? Nilikuonyesha kwa mkono wangu. Ulikuwepo!"

Alikuwa ameacha kucheka. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, polepole, ili nisikie kila neno.

"Bibi, ni wewe ulitufundisha. Kwenye ekodim, kila Jumamosi, ulitupa mifagio. Ulisema majani yakifika magotini karibu na nyumba ya Mungu ni aibu ya Wakristo. Ulisema hata nyoka anacheka. Nilisema moyoni, Bibi akirudi atafurahi."

Kweli nilisema. Nilisema kambini, nikasema Louisville, nikasema hapa, kwa miaka yote niliyofundisha ekodim, yaani shule ya Jumapili. Nilikuwa nimewafundisha kufagia. Kutazama sikuwafundisha. Nilichopewa na bibi yangu nilikifunga ndani kama kitenge cha kuzikiwa, nikawagawia ufagio.

Nilikaa ndani ya gari nikampigia Elizabeti, Black Rock. Nilimweleza yote, nikilalamika juu ya Papa Yonasi na kamati na simu na kizazi hiki. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Weye ndiye ulimwaga maziwa ya ng'ombe tatu."

"Eliza, hiyo inaingiaje hapa?"

"Bibi alikufanya nini siku ile?"

"Alinisimamisha mlangoni."

"Basi simama mlangoni," akasema, akakata simu. Yeye ndiye mdogo, lakini tangu alipopigishwa magoti na mwalimu yule amekuwa hivyo.

Kabla ya kuondoka nilirudi pale nikachimba kwa vidole. Jembe letu lilikuwa limekwangua juu tu. Chini, mzizi ulikuwa mnene kama karoti, mweupe, unashuka kusikojulikana. Neema nilipompigia alisema, "Mama, mzizi ukiwepo, lipo. Lakini mkimwaga kokoto na kushindilia, basi." Na lori la kokoto lilikuwa limeagizwa kuja Jumatatu.

Jumapili ukafika wakati wa ushuhuda. Katika kanisa letu mtu akisimama kushuhudia hakatizwi, hata akichukua nusu saa, hata mchungaji akitazama saa. Sikuwahi kuitumia ruhusa hiyo kwa ugomvi, wala siku ile sikuitumia kwa ugomvi. Nilisimama. Mlango haukuwa mbali, nikatembea mpaka mlangoni, nikawageukia.

Nikasema: "Mimi Debora natubu mbele yenu. Niliwafundisha watoto wenu kwamba ardhi safi ni ardhi tupu. Nilifundisha bila kuangalia. Kule nje kulikuwa na kiumbe ambacho Bwana alikitunza tangu kabla ya sisi kuja, akakificha kati ya wafu ili kisipatikane na jembe, kisha akatuletea sisi wachungaji wa ng'ombe, watu wa majani, tukitunze. Na sisi tukakifagia. Watoto hawana kosa. Mimi ndiye nilichuma bila kuangalia." Niliwasimulia juu ya maziwa, na vibuyu, na mama mwenye mtoto mchanga. Wazee waliokulia kule juu walianza kuguna. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Ni kweli, mmea wa bondeni unaharibu!" Ndipo nikasema, "Na kama kesho lori likimwaga kokoto, hilo halitakuwa kosa la kutokujua tena. Maana sasa mmejua."

Nikabaki nimesimama mlangoni. Sikwenda kukaa.

Papa Yonasi akainuka, akakohoa, akavuta koti lake.

"Bon," akasema. "Mama amesema. Lori litamwaga kusini." Kisha, kwa sababu hawezi kuacha neno la mwisho, akaongeza: "Lakini bageni bakiingia kwenye matope, nitabaambia ni ua ya Mama Debora!"

Kanisa likacheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

Wageni walikuja, na kweli walitembea kwenye matope, maana kokoto hazikutosha. Elizabeti alishuka kwenye gari na viatu vyeupe, akanyanyua gauni, akatazama kile kipande cha udongo mtupu. "Ndio hii ulinililia kwenye simu?" akauliza mbele za watu. Lakini baadaye nilimwona amechuchumaa pale peke yake, anaunusa udongo.

Mwezi wa tatu mwaka huu nyasi zilizokauka pembezoni tulizichoma, kwa ruhusa, gari la wazimamoto likiwa limesimama pale na vijana wake wanatushangaa. Wazee ndio walioongoza moto. Hakuna aliyehitaji kuwafundisha wasimame upande gani wa upepo. Papa Yonasi, yule yule, alikuwa na furaha kama mtoto, anapiga mluzi kama anaita ng'ombe.

Mwezi wa saba likarudi. Yalikuwa mashina ishirini na saba, yamerudi manne. Msiniambie nishukuru kwa manne nikasahau yale mengine. Nashukuru kwa manne, na hasira yangu ni ya yale ishirini na matatu, na vyote viwili vinakaa ndani ya moyo mmoja wa Kikristo bila kugombana. Nina hasira na kila mdomo unaosema "ni majani tu". Walisema hivyo juu ya milima yetu pia, kwamba pale hakuna kitu, ni majani na ng'ombe, na siku ya kukimbia tukaja kujua maneno hayo huandaa nini.

Siku yalipochanua, Dorkasi alikuja nami. Nilimwona anatia mkono mfukoni, nikasubiri simu itoke. Haikutoka. Alifuta mkono kwenye sketi, akainama, akakishika kile kikombe cha kijani kwa vidole viwili, akajaribu kuviachanisha.

"Bibi," akasema, "linanishika."

"Ulimkuta wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama kama anayeangalia iwapo natania. Kisha akageuka, akaanza kutazama, kwa macho yake, polepole. "Juani," akasema. "Hakuna mti. Udongo mweusi. Jirani yake ni… ngoja, Bibi, usiniambie. Ngoja nimwangalie."

Nikangoja. Enzi zetu mlima ulikuwa na bibi kila nyumba, na swali hilo lilikuwa bure kama umande. Leo tuko Louisville na ghala zake, Buffalo na theluji yake, Columbus na soya yake, na bibi ndio sisi wenyewe, tumechoka, tumeshika mifagio. Vibuyu havipo. Harufu ile ya moshi kwenye maziwa sitainusa tena upande huu wa mbingu. Lakini mtoto amesema ngoja nimwangalie.

Nawe unayesoma, Bwana aliyewaficha walio dhaifu mahali ambapo jembe halipiti akufiche wewe na nyumba yako. Mzizi wako ushuke kuliko majembe yote yatakayopita juu yako. Na akuletee, kabla ya mwisho wa siku zako, mtu mmoja wa kukutazama vizuri kabla ya kukuuliza jina. Amina.